Globu za LED kwenye taa za nje za gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mwenye gari wa Mtwara, Masasi, Lindi, Ruangwa au Kilwa anayetaka kutoa globu za kawaida kwenye taa za nje na kufunga za LED. Maswali haya huletwa gereji mwaka mzima, lakini huzidi kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na magari kuanza kukesha barabarani. Anayejibu ni fundi umeme wa magari. Msimamo wangu ni huu: taa za nyuma na taa ndogo badilisha kwa moyo mkunjufu. Taa kubwa za mbele nenda nazo taratibu, maana kazi ya taa kubwa ni kupeleka mwanga panapotakiwa na kuukomesha panapotakiwa, na hilo halionekani kwenye boksi la dukani.

Nianzie taa ipi?

Nyuma. Anza na breki, halafu taa ndogo za nyuma, halafu taa ya namba.

Breki ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Globu ya kawaida ina waya mwembamba ambao lazima upate moto kwanza ndipo uwake, na hilo huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. LED inawaka papo hapo. Gari linalokufuata kwa kilomita 80 kwa saa linasogea mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo mdogo limeshakula zaidi ya mita nne, yaani zaidi ya urefu wa IST. Ukiwa kati ya Mingoyo na Mtwara, nyuma yako kuna lori la saruji limetoka kupakia Msijute, mita nne hizo ni mali.

Zaidi ya hapo, LED nzuri haijali mtikisiko. Waya wa globu ya kawaida hukatika kwa kutikiswa, na magari yetu yakitoka kwenye lami kuingia barabara za vijijini yanatikisika kweli kweli.

Nitajuaje gari langu linatumia globu ya aina gani?

Itoe uisome. Usimtegemee muuzaji akuambie kwa jina la gari tu, kwa sababu gari la mtumba huenda lilishabadilishwa soketi na aliyekutangulia.

Kwenye magari mengi ya Japani utakuta hivi: taa ndogo ya mbele na taa ya namba ni T10 ya wati 5, isiyo na kitako cha chuma. Indiketa na breki mara nyingi ni T20 ya wati 21. Taa ya nyuma inayofanya kazi mbili, taa ndogo na breki, ni T20 yenye mistari miwili, yaani waya mbili za kuwaka, wati 21 na wati 5 ndani ya globu moja. Magari ya Ulaya yanapenda globu ya kitako cha chuma ya kusukuma na kuzungusha. Mbele, Probox na Hiace nyingi zina H4, globu moja yenye dimu na fulu pamoja. Magari mengine yana globu ya dimu peke yake, kama H11 au H7, na ya fulu peke yake, kama HB3.

T20 ya mstari mmoja na ya mistari miwili zinafanana sana. Ukichomeka moja mahali pa nyingine, taa ndogo na breki zinaweza kugusana, ukakanyaga breki na taa za dashibodi zikawaka.

Nimechomeka T10 ya LED na haiwaki kabisa. Imekufa?

Pengine hapana. LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Itoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe.

Kioo cha taa ya nyuma ni chekundu. Si naweza kuweka LED nyeupe, kioo kikaipaka rangi?

Weka nyekundu. Globu ya kawaida ina mwanga mwingi mwekundu ndani yake, kwa hiyo ikipita kwenye kioo chekundu inatoka imeshiba. LED nyeupe imetengenezwa kwa chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Wekundu wake ni mdogo. Kioo chekundu kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wake, kinachobaki kinatoka hafifu na kuelekea waridi. LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu inapita karibu yote.

Indiketa ni vivyo hivyo: kioo cha njano, LED ya njano. Kama kioo cha indiketa ni cheupe, LED ya njano ni lazima, kwa sababu hapo hakuna kingine cha kuipa rangi. Taa ya rivasi na ya namba ni nyeupe.

Taa ndogo na breki zimekuwa sawasawa kwa ukali. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa, na ndilo ninalolikemea kuliko yote kwa upande wa nyuma. Globu ya zamani ilikuwa na wati 5 kwa taa ndogo na wati 21 kwa breki. Tofauti hiyo ndiyo lugha unayozungumza na aliye nyuma yako. LED za bei ya chini hutumia chipu zilezile kwa kazi zote mbili na kupunguza umeme kidogo tu kwenye taa ndogo. Mchana huoni kitu. Usiku, dereva wa nyuma anaona wekundu uleule muda wote, na ukikanyaga breki hajui.

Pima hivi: jioni giza likishaingia, washa taa ndogo, mwambie mtu akanyage breki na kuachia, wewe simama hatua thelathini nyuma. Ukilazimika kukodoa macho ili utambue breki, zirudishe dukani. Pima pia ukiwa umesimama pembeni kidogo. LED zenye chipu zinazotazama nyuma tu hazijazi kile kioo cha ndani kinachosambaza mwanga, kwa hiyo taa inaonekana kali ukisimama katikati na inapotea ukisogea upande. Chagua yenye chipu kuzunguka pande zote.

Indiketa inapiga haraka haraka tangu nifunge LED. Nini kimeharibika?

Hakuna kilichoharibika. Flasha, kile kijisanduku kinachotoa mlio wa tik-tak, kinapima umeme unaopita. Globu ya wati 21 kwenye mfumo wa volti 12 inakula karibu ampea 1.75. LED inakula sehemu ndogo tu ya hapo. Flasha ikiona umeme umeshuka inadhani globu imeungua, inaharakisha ili ikujulishe. Mwendo unaokubalika kimataifa ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Yako itakuwa imepita hapo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka ya elektroniki inayokubali LED. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 ni kijisanduku chenye miguu minane chini ya dashibodi au kwenye boksi la fyuzi. Unachomoa ya zamani unachomeka mpya. Ujue tu kwamba baada ya hapo gari halitakuambia tena indiketa ikifa, kwa hiyo jenga tabia ya kuwasha hazadi na kulizunguka gari kabla ya safari.

Ya pili ni kufunga rezista ya omu 6, wati 50, sambamba na kila globu, ili ile flasha iendelee kuona mzigo wa zamani. Inafanya kazi, lakini rezista hiyo inapata moto wa kuunguza mkono. Ifunge kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na waya na plastiki. Nimeona rezista zimefungwa kwa gundi ya karatasi nyuma ya taa ya plastiki. Moto ukipanda, gundi inaachia na rezista inaangukia kwenye taa. Ukishamwona fundi anaelekea huko, mzuie.

Baadhi ya magari mapya hayana flasha ya kuchomoa, kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi. Huko rezista, au globu zenye rezista ndani, ndiyo njia.

Kila ninaposhusha taa, magari yanayokuja bado yananipigia fulu. Nimefunga LED za H4. Kwa nini?

Kwa sababu unawapofusha, hata ukiwa kwenye dimu.

Taa ya gari si globu peke yake. Nyuma ya globu kuna kioo cha ndani kilichopindwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa kwa kudhani kwamba mwanga unatoka kwenye waya mdogo mwembamba uliokaa mahali fulani kamili, kwa milimita. Kioo kinachukua mwanga wa waya huo na kuutandaza chini barabarani, na kuukata kwa juu ili usipande machoni mwa anayekuja.

H4 ina ujanja wa ziada. Ndani yake mna waya mbili, na ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe hicho kinazuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya kioo cha ndani, kwa sababu mwanga unaopiga pale ndio unaopanda juu. LED ya H4 inajaribu kuiga vyote hivyo kwa chipu za bapa upande wa kulia na kushoto. Chipu zikiwa pana kuliko waya wa asili, au bapa linalozibeba likiwa nene, au zimesogea milimita moja au mbili mbele au nyuma, kioo kinapeleka mwanga ovyo. Sehemu inakwenda mitini, sehemu machoni mwa watu, na sehemu inamwagika mita chache mbele ya bampa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokudanganya: unaona mbele yako peupe pee, unafurahi, kumbe mbali ambako mtembea kwa miguu yuko pamebaki giza. Na macho yakishazoea weupe ule wa karibu, giza la mbali linazidi.

Fikiria barabara ya Mingoyo kwenda Masasi saa mbili usiku. Kuna baiskeli isiyo na taa hata moja, kuna watu wanatoka Mtama wamebeba mizigo kichwani, kuna lori limeharibika na onyo lenyewe ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami. Dereva anayekutana na taa zako akapofuka kwa sekunde mbili anaendesha zaidi ya mita 40 bila kuona chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana swali hili nalijibu kwa urefu kuliko mengine.

Kwa hiyo nisifunge kabisa LED kwenye taa kubwa?

Kama taa yako ni ya kioo cha ndani, hasa H4, ushauri wangu wa kwanza ni kurudisha halojeni nzuri, yaani globu ya kawaida ya waya ya taa kubwa, kusafisha vioo vya nje, na kuhakikisha umeme unafika wote. Wengi wanaolalamika kwamba taa ni hafifu wana volti 11 kwenye soketi ilhali betri ina 14 gari likiwaka. Pima kwa mita: taa ikiwa imewashwa, tofauti kati ya betri na soketi isizidi nusu volti hivi. Ikizidi, tatizo ni waya, swichi au ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi), na halojeni hupoteza mwanga mwingi sana kwa upungufu mdogo wa volti. Fundi akivuta waya mpya wenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kutoka kwenye betri, halojeni ileile ya wati 55 inawaka upya.

Kama bado unataka LED, tafuta yenye chipu nyembamba zilizokaa sawa na waya wa asili na yenye pete ya kurekebisha. Ukiifunga, chipu zitazame kulia na kushoto, kamwe zisitazame juu na chini. Kisha pima ukutani kama nilivyoeleza hapa chini. Mwanga usipokata, itoe. Hata Ulaya wanakwenda kwa tahadhari: Ujerumani ilianza kuruhusu globu za LED kwenye taa za halojeni mwaka 2020 tu, tena globu maalumu kwa aina za magari zilizopimwa na kuorodheshwa, moja moja.

Gari langu lina projekta, lile jicho la kioo la duara. Hali ni ileile?

Ni afadhali. Projekta ina kikingio chake cha ndani kinachokata mwanga, kwa hiyo hata LED isiyo kamili mara nyingi haipandi juu. Inachoweza kupoteza ni umbali na usawa wa mwanga. Pima kabla hujalipa.

Napimaje taa bila mashine?

Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta. Hakikisha tairi zina upepo wa kawaida na dereva amekaa kwenye kiti. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, pima urefu kutoka chini hadi katikati ya globu, weka alama ya urefu huohuo ukutani kwa kila taa. Washa dimu. Mstari ambapo mwanga unakatika uwe chini ya alama kwa sentimita 5 hivi. Hiyo ni sawa na kushuka sentimita 10 kila mita 10, kiwango cha kawaida kwa magari madogo.

Utaona mstari unapanda kidogo upande mmoja. Kwenye magari ya Japani unapanda kushoto, ukingoni mwa barabara walipo watembea kwa miguu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwetu tunaoendesha kushoto. Msumbiji nao wanaendesha kushoto, kwa hiyo anayevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala hana cha kubadili. Lakini gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia litapandisha mwanga kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja, hata kwa halojeni yake ya kiwandani. Taa kama hiyo ibadilishwe nzima.

Jambo moja husahaulika: mzigo. Probox ikijazwa magunia nyuma, pua inainuka na dimu inakuwa fulu. Magari mengi yana gurudumu dogo kwenye dashibodi lenye namba kuanzia 0. Namba kubwa inashusha taa. Litumie kila ukipakia.

Boksi limeandikwa lumeni 20,000. Ni kweli?

Si kweli. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Globu ya H7 ya halojeni ya wati 55 inatoa lumeni 1,500. H4 inatoa kama 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu. LED ya kawaida ya gari inatoa lumeni mia moja hivi kwa kila wati. Lumeni 20,000 zingehitaji wati 200, moto ambao kifeni cha ukubwa wa sarafu hakiwezi kuupoza. LED inayotoa 1,500 halali, mahali sahihi, ni globu nzuri.

Nichague rangi gani: nyeupe, ya bluu au njano?

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Halojeni iko karibu na kelvini 3,200, unjano unjano. LED za 5,000 hadi 6,000 ni nyeupe. Zaidi ya hapo zinaelekea bluu, na bluu inachosha na kuumiza macho ya anayekuja bila kukusaidia wewe kuona. Bluu isahau.

Watu wa Newala na Kitangali huuliza juu ya ukungu wa asubuhi za baridi kule juu ya uwanda wa Makonde. Wengi wanaamini njano inapasua ukungu. Kinachosaidia kweli ni mahali taa ilipo: taa ya ukungu ikae chini, imulike chini na kwa upana, ili mwanga usigonge ukungu na kukurudia usoni. Njano inapunguza kuchoka kwa macho, na hilo nalo si dogo. Fulu kwenye ukungu zima.

Baada ya kufunga LED, ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi haiwaki, au inawaka hafifu. Kwa nini?

Kwenye Toyota nyingi za H4, swichi inakata upande wa negativu, tofauti na magari mengine. Kitaa cha bluu kinapata umeme wake kupitia waya wa globu yenyewe. LED haipitishi umeme kwa namna hiyo, kwa hiyo kitaa kinakosa njia. Zinauzwa adapta za kurekebisha jambo hili. Muulize muuzaji ya Toyota inayokata negativu. Usiache hivyohivyo, kwa maana utasahau fulu ikiwa imewaka.

Kioo cha nje kimekuwa cha njano na ukungu. LED itasaidia?

Haitasaidia. Plastiki ile imechomwa na jua, na kuweka globu kali nyuma yake kunasambaza mwanga ovyo zaidi. Isuguliwe kwa msasa laini wa maji, 800, kisha 1,000, kisha 2,000, ipigwe polishi, halafu ipakwe rangi angavu ya kuzuia jua. Bila hiyo rangi ya mwisho, jua letu litairudisha kwenye unjano baada ya muda mfupi. Dawa ya meno inang'arisha kwa siku chache tu.

Naishi Shangani karibu na bahari. LED zinakufa mapema. Ni feki?

Huenda ni feki, lakini kwanza tazama soketi. Hewa ya chumvi inaingia nyuma ya taa na kuota kutu ya kijani kwenye shaba. Globu ya wati 21 ilikuwa na nguvu ya kulazimisha umeme upite na joto la kukausha unyevu. LED haina vyote viwili. Kila ninapobadilisha globu kwenye gari la Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, nasafisha soketi kwa msasa laini, napaka grisi ya silikoni kidogo, na kuangalia raba ya nyuma ya taa kama bado inaziba.

Dalili ya ethi mbovu uijue: ukikanyaga breki na indiketa ikang'aa kidogo, au ukiwasha indiketa na taa ndogo ikacheza, umeme umekosa njia ya kurudi na unapita kwenye taa ya jirani. Hakuna globu itakayotibu hapo. Safisha ethi.

Kuna na jambo letu wenyewe la huku kusini: salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Gari linalobeba mifuko ya salfa kuanzia Mei hujaa vumbi la njano kila upenyo. Salfa inakula shaba, na inakula fedha pia. Ndani ya LED nyingi chipu imekaa juu ya kitako kilichopakwa fedha. Salfa ikipenya, kitako kinakuwa cheusi na mwanga unafifia ingawa globu haijaungua. Mwenye pikapu ya salfa apige upepo nyuma ya taa msimu ukiisha, na taa za nyuma zisizoziba vizuri azizibe kabla msimu haujaanza.

LED ya taa kubwa ina feni nyuma, na kile kifuniko cha raba hakirudi tena. Nikiache wazi?

Usikiache. Vumbi na maji ya masika vitaingia na kioo cha ndani kikishachafuka hakisafishiki. Tafuta globu fupi, au kifuniko kirefu kinachouzwa kwa ajili hiyo. Lakini pia usiibane feni ikakosa hewa: joto la LED linatokea nyuma, kwenye kitako, na LED ikipata joto inafifia halafu inakufa.

Redio inakoroma nikiwasha taa.

Hiyo ni LED isiyo na kichujio. Badilisha globu, usihangaike na antena.

Nina Fuso la volti 24. Naweza kutumia hizihizi?

Zilizoandikwa volti 12 peke yake zitaungua palepale. Nunua zilizoandikwa 9 hadi 32 au 24 kamili. Hata rezista ya indiketa ya gari dogo isifungwe kwenye lori: volti zikiwa mara mbili, moto unakuwa mara nne.

Na pikipiki au bajaji?

Washa taa injini ikiwa imezimwa. Ikiwaka, inatumia betri na LED ya volti 12 itakubali. Kama inawaka injini ikinguruma tu, na inaongezeka ukipiga resi, inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kizalisha umeme cha injini, na LED ya kawaida itapepesa na kufa. Kwa hizo tafuta LED iliyoandikwa AC na DC. Kwa bajaji inayolala betri kila mara, LED za nyuma ni msaada wa kweli, zinapunguza mzigo.

Trafiki atanisumbua?

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ndiyo inayosimamia taa za magari. Kwa vitendo, kinachoangaliwa ni kwamba taa zote zinafanya kazi, mbele ni nyeupe au njano, nyuma ni nyekundu, indiketa ni za njano, na hupofushi wengine. Taa za bluu au nyekundu zinazomweka mbele ni za magari ya dharura, usizifunge. Breki zinazometameta kama disko nazo toa. Ile alama ya E ndani ya duara kwenye LED nyingi za bei nafuu huwa inahusu usumbufu wa mawimbi ya redio, haisemi kwamba mwanga wake umepimwa, kwa hiyo isikupe kiburi mbele ya askari.

Niongeze ukubwa wa fyuzi?

Hapana. LED inakula umeme kidogo, fyuzi iliyopo inatosha na kubaki. Ikikatika, kuna waya umegusa bodi.

Naagiza Kariakoo, mzigo unakuja kwa basi. Nimwambie nini muuzaji ili asiniletee vitu vya kurudisha?

Mtumie picha ya globu ya zamani, upande wa kitako na upande wa kichwa. Taja volti ya gari. Taja rangi ya kila moja: nyekundu ya breki, njano ya indiketa, nyeupe ya rivasi. Sema T20 za nyuma ni za mstari mmoja au miwili, na ngapi za kila aina. Kama flasha inabadilishwa, mtumie picha ya miguu yake pia. Mwombe aziwashe kwenye betri akurekodie video kabla hajafunga boksi. Anayeuza vitu vya kweli hakatai.

Globu za zamani nizitupe?

Zisizoungua zifunge kwenye gazeti, weka kwenye kidroo cha dashibodi. LED ikizima Somanga usiku wa manane hutapata duka la spea lililo wazi, na halojeni ya H4 unairudisha mwenyewe kwa dakika chache. Ishike kwenye kitako tu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake, yanakipasua kikipata moto.